Matete ya Upande wa Ziwa

8 mwezi wa kumi, 2001

Mvua imeanza kweli leo. Nimeweka ndoo chini ya kila tundu la bati, na bado maji yamepata njia hadi kwenye kitanda cha kuzalishia. Matundu hayo ni ya risasi za mwaka jana. Hakuna anayekubali kupanda kuyaziba, maana ukiwa juu ya paa unaonekana kutoka mlimani na kutoka barabarani pia.

Albert mume wangu, siku utakayorudi na watoto kutoka Kigoma mlikokimbilia utaniuliza msimu huu ulikwendaje, na najijua, sitakuwa na nguvu ya kusimulia. Kwa hiyo naandika. Bado niko muganga peke yangu, nesi na mkunga, katika santri hii ya afya ya kando ya barabara, kati ya Baraka na daraja la Mutambala. Ziwa upande mmoja, mlima upande mwingine. Mjini wako basoldat, askari. Mlimani wako Mai-Mai wanaopigana nao. Sisi tuko barabarani.

12 mwezi wa kumi

Mvua. Watoto wa malaria. Nalala na viatu miguuni.

15 mwezi wa kumi

Jioni wameniletea mwanaume mmoja mwenye mfupa wa bega uliovunjika. Alikuwa anateremka kwa kinga, baiskeli yake, amebeba muhogo, akagongana na kiboko. Kinga imekunjika kama kitambaa. Yeye anacheka, nadhani kwa woga.

"Mama muganga, sikuona kitu. Nilisikia tu pumzi."

Vita vimewapa viboko nafasi. Ulipoondoka, huku juu ya barabara palikuwa na mashamba ya mpunga, na watu walilala humo na kupiga madebe ili wanyama wabaki ziwani. Sasa hakuna anayelala shambani. Mpunga umeota wenyewe katikati ya majani, na viboko wanaufuata. Kila jioni wanatoka majini, wanakata barabara hapa chini ya santri, wanakula huko juu, na alfajiri wanarudi. Zamani watu wa barabara walikata matete pande zote mbili. Sasa yamefika magotini, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

19 mwezi wa kumi

Kamio, lile lori analoendesha Darius, imepita inakwenda soko la Mboko. Ni kamio nyekundu ya mfanyabiashara mmoja wa Baraka, ndiyo pekee inayothubutu kufanya njia hii. Darius anapita hapa kama mtu anayefukuzwa. Anarusha tope hadi kwenye mlango wangu, anapiga honi, hapunguzi hata kidogo, mahali ambapo kila mtu anajua viboko wanapita.

Juu ya magunia walikuwa Dorothée na bamama wengine wa samaki. Dorothée akanirushia kifuko cha ndakala, dagaa wetu, nikakidaka. Amekuwa hodari wa kurusha na mimi wa kudaka. Dorothée ndiye aliyenipikia mwezi mzima nilipougua mwaka jana. Ni binti wa mama Suzanne, yule mjane wa nyumba ya karibu na kisima. Kaka yake mdogo, Wilfried, ndiye mkubwa wa Mai-Mai wa mlima huu. Jambo hilo linajulikana na halisemwi.

26 mwezi wa kumi

Matete yamefika kiunoni. Nimezalisha mapacha, wazima wote wawili.

2 mwezi wa kumi na moja

Nimesimama barabarani nikampungia Darius mkono asimame. Amenikwepa, amepita. Nimemtukana peke yangu, kwa sauti, mbele ya wagonjwa. Mtu ambaye hana huruma na roho za watu arobaini aliowabeba! Niliingia ndani nikanawa mikono mara mbili, bila sababu.

5 mwezi wa kumi na moja

Nimekwenda kwa chefu wa kijiji kumwomba aite salongo, kazi ya kijiji kizima, tukate majani. Chefu ni mtu mwema, ila siku hizi anaongea akiangalia mlango.

"Mama Clarisse, mwezi wa sita basoldat walituamuru tukate. Tukakata hadi kule kwenye kona. Usiku wake nani alikufa?"

"Yule kijana wa kinu."

"Walimkuta na kupekupe ya kukatia majani mkononi. Ba mlima banasema mwenye kukata majani anafungulia basoldat macho. Sasa we unataka niite salongo?"

Nikarudi. Njiani matete yalikuwa yananigusa kwapani.

14 mwezi wa kumi na moja

Mvua ya mawe. Pikipiki imemgonga mtoto wa kiboko, dereva amepona. Mtoto wa kiboko amekufa kando ya barabara, na mama yake amekataa kuondoka kutwa nzima. Hakuna aliyepita. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi, hata basoldat wamekaa kwao.

22 mwezi wa kumi na moja

Matete yamepita kichwa changu.

1 mwezi wa kumi na mbili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama yalivyotokea.

Jana, jioni, jua lilikuwa bado halijazama, nikasikia kamio ikirudi kutoka Mboko. Nilikuwa nje naanua mashuka. Nikasikia honi, kisha kishindo kizito, kisha kelele za bamama. Nikakimbia na mashuka mkononi.

Kamio ilikuwa imelala upande, magurudumu yanazunguka. Mbele yake kiboko mkubwa, dume, amelala katikati ya barabara, bado anapumua. Magunia, sufuria, mabeseni, watu, vyote vimetupwa ndani ya matete, hata hujui mguu uko wapi na gunia liko wapi. Matete yenyewe yalikuwa yananizuia kuwaona. Nilimkanyaga mtu mmoja mkono kabla ya kumwona.

Nilikuwa na mashuka sita tu. Nikayachana. Chefu akaja, vijana wakaja na milango ya nyumba zao kubebea watu. Mama mmoja wa Kazimia alikufa nikiwa nimemshika kichwa. Mwingine, simjui jina, alikuwa amekwisha kufa. Dorothée nilimpata wa mwisho, upande wa ziwa, ameketi ameegemea shina la mchikichi, ametulia, beseni mapajani. Nikafikiri huyu amepona. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, nakuja." Nikaenda kwa wengine. Niliporudi alikuwa hivyo hivyo. Hakuwa na jeraha hata moja la nje.

Basoldat wakafika. Wakampiga kiboko risasi, halafu wakaanza kumkata. Na watu wa kijiji wakaja na visu. Siwezi kuwalaumu, Albert. Nyama haijaonekana hapa tangu Pasaka. Lakini walikuwa wanakata hapa, na hapa, hatua chache tu, mimi nafunga mguu wa mtu. Damu ilikuwa moja barabarani.

Leo asubuhi nimekuta pande la nyama mlangoni, limefungwa kwenye jani la mgomba. Sijui ni nani aliyeleta. Nimelitazama sana. Kisha nimelipika, nimewapa wagonjwa mchuzi, na mimi pia nimekula.

2 mwezi wa kumi na mbili

Tumewazika. Mama Suzanne hakulia. Wakati wa kushusha sanduku aliangalia mlimani tu.

4 mwezi wa kumi na mbili

Darius yuko kwenye kitanda cha dirishani. Mbavu zimevunjika, uso umevimba. Siku tatu nimemhudumia bila kumsemesha. Leo, nikibadilisha kitambaa, nikashindwa kujizuia.

"Uliambiwa mara ngapi upunguze pale?"

Akavuta shuka hadi kidevuni. Nikafikiri amelala.

"Mama muganga, unakumbuka Raphaël?"

"Raphaël gani?"

"Mwenzangu. Tulikuwa tunapokezana usukani. Mwezi wa tano, kulikuwa shimo pale chini ya santri yako, mi nikapunguza nilikwepe. Walipiga kutoka mu matete. Risasi ilipita mbele ya pua yangu, ikaingia kwake. Alikuwa anamenya ndizi. Sikusimama mpaka Baraka." Akageuza uso ukutani. "Tangu ile siku, nikifika pale mguu wangu unakanyaga wenyewe. Nikipunguza, nitakufa mi. Nikikimbia, naua bengine. Niambie we, ningefanya nini?"

Nilimaliza kumfunga, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mwezi wote huu nimekuwa nikimchukia huyu mtu kama vile ana chaguo.

6 mwezi wa kumi na mbili

Mvua. Mgonjwa mmoja ameondoka kwa miguu yake.

9 mwezi wa kumi na mbili

Mama Suzanne amekuja santri baada ya ibada, bado amevaa kikwembe cha kanisani. Hakuomba dawa.

"Clarisse, kesho napanda kwa mutoto wangu. Utanisindikiza."

"Mama, wataniona kama mpelelezi."

"Utakuwa na mi. We ndiye uliokota batu. We ndiye utamwambia vile bilikuwa."

Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka niliposema ndiyo.

10 mwezi wa kumi na mbili

Tulipanda tangu alfajiri. Mama Suzanne ana miaka zaidi ya sitini na alikuwa ananisubiri mimi kwenye kila mwinuko. Walitusimamisha vijana wenye majani kichwani, wakamtambua, wakashusha bunduki, wakasema, "Shikamoo, koko," kama kwa bibi yao. Mmoja nilimchanja mwenyewe akiwa mdogo.

Wilfried alikuwa chini ya hema la plastiki. Amekonda. Alisimama kumpa mama yake kiti, akabaki amesimama.

"Mama, nilisikia. Singeweza kuja kuzika. Bangenikamata."

"Najua."

Mama akanigeukia. Basi nikamweleza Wilfried yote: kamio, kiboko, bamama ndani ya matete, jinsi nilivyokanyaga mkono wa mtu nisimwone, jinsi nilivyomwambia dada yake angoje kidogo. Wilfried alikuwa anavuta uzi wa shati lake.

Mama akasema, "Tunataka kukata yale matete. Pale viboko banapita, tu. Kutoka santri mpaka mchikichi."

"Hapana."

"Wilfried."

"Mama, ile majani ndiyo nyumba yangu! Basoldat bako na bunduki kubwa, bako na magari, bako na redio. Mi niko na nini? Niko na majani. Mukiyakata, kesho banapanda hapa, banachoma kila kitu. Banachoma na kwako."

"Dada yako alikufa ndani ya nyumba yako," mama akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Wilfried akafunga macho. Vijana wake wakaangalia pembeni.

"Hapana," akasema tena, polepole. "Ukinipenda, usiniombe ile."

Mama Suzanne akasimama, akamrekebishia kola ya shati, tukateremka.

12 mwezi wa kumi na mbili

Asubuhi nimesikia sauti ya chuma kwenye majani. Nimetoka. Mama Suzanne yuko peke yake chini ya barabara, upande wa ziwa, na kupekupe ya marehemu mume wake, ile ya chuma kilichopinda. Anakata. Anapumzika. Anakata tena.

Nimemfuata. "Mama, alikataa."

"Alikataa. Mi sikumwambia nimekubali."

Nimesimama pale. Wagonjwa walikuwa wanatuangalia dirishani, Darius pia. Nikarudi ndani nikachukua panga la kupasulia kuni.

Mchana tulikuwa wawili. Jioni wakaja bamama watano wa samaki, wenzake Dorothée, mmoja bado ana kitambaa changu kichwani. Hakuna mwanaume aliyekuja, na hatukuwaita. Mwanaume mwenye panga kando ya barabara haulizwi swali, anapigwa risasi.

14 mwezi wa kumi na mbili

Mikono imetoka malengelenge, siwezi kushika sindano vizuri. Upande wa ziwa uko wazi hadi mchikichi. Jana jioni tumewaona viboko wakitoka majini, tumewahesabu kwa vidole kama watoto. Tangu matete yapande hatukuwaona wakitoka hivyo, tulikuwa tunawasikia tu.

16 mwezi wa kumi na mbili

Jumapili. Komanda wa basoldat amekuja kanisani na askari wake, amesimama mbele baada ya mahubiri, ametushukuru. Ametushukuru, Albert! Amesema bamama wa hapa wamechagua amani, wamesaidia jeshi kuona adui. Ameleta mfuko wa chumvi. Ameuweka miguuni pa mama Suzanne mbele ya watu wote.

Mama Suzanne akaangalia ule mfuko.

"Tulikata kwa sababu ya viboko," akasema.

"Ndiyo, ndiyo, mama," komanda akacheka. "Viboko ba mlimani."

Askari wake wakacheka pia. Hakuna aliyegusa chumvi. Imebaki pale kanisani.

17 mwezi wa kumi na mbili

Kabla ya mapambazuko wamepiga risasi juu ya paa la santri. Matundu mapya manne. Hakuna aliyeumia. Tulilala chini, mimi na wagonjwa, na Darius akishika mbavu zake. Zilitoka mlimani, na nilijua ni za nini.

Leo hakuna aliyekuja kukata. Mimi pia sikwenda.

18 mwezi wa kumi na mbili

Mama Suzanne hayuko nyumbani. Mlango umefungwa kwa kamba. Jirani anasema amepanda mlimani peke yake, na chakula kichwani.

20 mwezi wa kumi na mbili

Bado.

21 mwezi wa kumi na mbili

Amerudi, miguu imevimba. Nimeiweka kwenye maji ya chumvi, siyo ya komanda. Amekula bugali kwanza, ndipo akasema.

"Nimekaa mlangoni kwake siku zote. Nimepika, nimekula, nimelala pale. Sikuomba kitu. Jana akaniambia: mama, upande wa ziwa ni wenu, kateni. Upande wa mlima ni wangu, musiguse hata jani moja. Gari ikisimama pale kungojea kiboko ipite, batu bangu hawatapiga. Lakini kukiwa soldat ndani, hakuna maneno, banapiga."

"Na risasi za kwenye paa?"

"Alisema ni batoto walikasirika kwa ile chumvi. Alisema wasamehe."

Nimemweleza Darius. Amecheka, kisha akashika mbavu.

"Kwa hiyo nisimame. Pale walipomuua Raphaël. Nizime na motere ya kamio, niwasalimie."

"Ndivyo alivyosema."

"We ungesimama?"

Sijui.

25 mwezi wa kumi na mbili

Noeli. Mvua. Tumeimba bila Dorothée, sauti ya kwanza imepwaya. Darius amerudi kwao Baraka.

3 mwezi wa kwanza, 2002

Tumekata tena upande wa ziwa, yanaota haraka kuliko mikono yetu. Ule wa mlima umesimama kama ukuta.

5 mwezi wa kwanza

Kamio imetengenezwa. Darius amepita mbio, vilevile. Safari hii sikumtukana. Nilimwona uso wake kwenye kioo.

9 mwezi wa kwanza

Amepita tena, mbio. Kiboko mmoja alikuwa amekwisha kutoka majini, alionekana kwa mbali, Darius akamkwepa. Kabla hatujakata asingemwona. Ni kitu kidogo. Nimekishika.

12 mwezi wa kwanza

Jana nilikuwa Baraka kuchukua chanjo. Mama Suzanne alikuja nami kuuza mafuta ya mawese. Wakati wa kurudi tulipanda kwa Darius, mama katikati, mimi mlangoni na kisanduku cha barafu mapajani. Kabla hatujatoka sokoni soldat mmoja alitaka kupanda. Darius akamwambia breki zimekufa. Soldat akampiga kofi, akaenda kutafuta pikipiki. Darius akajipangusa mdomo, akawasha motere.

Mvua ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya mlima tulipokaribia santri. Kulia kwetu palikuwa wazi hadi majini, kushoto matete yamesimama. Nikaona mguu wa Darius unaanza kukanyaga, kama alivyoniambia, wenyewe.

Ndipo tukawaona. Mama kiboko na mtoto wake, wanapanda kutoka ziwani, polepole, bado mbali kidogo na barabara. Palikuwa na nafasi ya kuwawahi. Darius alijua, na mimi nilijua. Mama Suzanne akaweka mkono wake juu ya goti la Darius.

Darius akasimama.

Alizima na motere. Juu ya magunia bamama wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Kiboko akaingia barabarani, akasimama katikati, akatuangalia. Mtoto akapita chini ya shingo yake. Sijui tulikaa muda gani. Jasho lilikuwa linateremka shingoni pa Darius, na macho yake hayakuwa kwa viboko. Yalikuwa kushoto.

Wakapita. Wakaingia kwenye matete ya mlima, majani yakafunguka yakajifunga.

Na humo humo, karibu sana, upande wa juu kidogo, mtu akakohoa.

Sote tulisikia. Kikohozi kizito, cha kifuani, ambacho mtu amejaribu kukizuia kikamshinda. Darius akashika ufunguo, hakuugeuza. Nilisikia bamama juu wakianza Baba Yetu kwa chinichini.

Mama Suzanne akainama mbele ya Darius, akatoa kichwa dirishani.

"Ile kikohozi ni ya tangu lini?" akauliza matete. "Eh? Unalala mu maji? Shuka kesho kwa muganga."

Hakuna aliyepiga. Mama akarudi kukaa vizuri, akatandaza kikwembe magotini.

"Twende, Darius," akasema. "Barafu ya Clarisse inayeyuka."

Darius akawasha. Alikwenda polepole hadi mlangoni kwangu.

Leo hakuna aliyeshuka kutoka mlimani. Mvua imerudi tangu asubuhi. Nimemfungia mama Suzanne dawa ya kifua, anapanda nayo Jumatatu.